Asiye na Kaburi: Habari za Mwanafunzi wa Zamani Aliyepotea na Sabmarini

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanafunzi, wazazi na wanafunzi wa zamani waliokusanyika kuwakumbuka waliokufa vitani.



Mtu akifa nyumbani kwake, jamaa humwosha, humvika, humchimbia kaburi, na tangu siku hiyo hujua mahali alipolala. Mama yake aweza kwenda asubuhi akang'oa majani. Mtoto aliyezaliwa nyuma huonyeshwa kwa kidole, akaambiwa, "Babu yako yuko pale." Hata askari aliyeuawa mbali, mara nyingi wenzake humzika na kumwekea alama yenye jina lake. Lakini aliyepotea baharini hana kitu cha namna hiyo. Maji hufungika juu yake, na baada ya saa moja mahali pale hapana tofauti na mahali pengine. Mtu huyo hubaki jina tu, na jina huhitaji watu wa kulitunza.

Katika shule nyingi za Uingereza pana ubao ukutani wenye majina ya wanafunzi wa zamani waliouawa katika vita viwili vikuu. Watoto hupita mbele yake kila siku wakienda kula au kusali. Ubao wanaujua kama wajuavyo mlango na dirisha, lakini majina yenyewe hawajui ni ya nani. Jina lisilo na habari ni kama mtungi usio na maji. Basi kusudi la mazungumzo haya ni moja, nalo ni kulichukua jina la mwanafunzi mmoja wa zamani na kulijaza habari zake, zilizo njema na zilizo nzito pia, ili ionekane maana ya kumkumbuka mtu kwa kweli. Jina hilo ni Malcolm David Wanklyn, nahodha wa sabmarini ya Kiingereza iliyopotea katika Bahari ya Mediterania mwezi wa Aprili 1942.

MTOTO ALIYEPENDA KUVUA SAMAKI

Wanklyn alizaliwa tarehe 28 Juni 1911 katika mji wa Calcutta, Bara Hindi, ambako baba yake alikuwa na kazi. Angali mtoto alipelekwa Uingereza, akatiwa katika shule ya wavulana wadogo iitwayo Parkfield, katika mji wa Haywards Heath, kusini ya London. Mwaka 1925, alipokuwa kijana wa miaka kama 14, aliingia katika Chuo cha Wanamaji cha Dartmouth. Wazazi waliopo hapa watafahamu maana yake. Katika umri ambao mtoto bado hupoteza kalamu na kusahau viatu, huyu alikwisha kuvaa nguo za kazi ya maisha yake yote.

Waliomjua husema kuwa alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Alipenda kuvua samaki, kuwinda, na kutembea peke yake mashambani. Hakuwa mtu wa kujigamba wala wa kupiga kelele mezani. Lakini mitihani ya uafisa aliifaulu vizuri sana, na wenzake walijua ya kuwa chini ya ule upole mlikuwa na akili isiyolala. Mvuvi hufundishwa na kazi yake mambo mawili, kungoja bila kuchoka, na kutenda upesi wakati ukifika. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa kazi yake.

Mwaka 1933 aliingia katika kikosi cha sabmarini. Mwaka 1938 alioa katika kisiwa cha Malta, na baadaye wakapata mtoto mmoja wa kiume. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wanklyn alikuwa kijana wa miaka 28, mwenye mke na kazi aliyoijua barabara.

MAISHA NDANI YA CHUMA

Sabmarini, ambayo siku hizi huitwa nyambizi, ni manowari inayoweza kwenda juu ya maji na chini yake. Yafaa kueleza kidogo jinsi watu walivyoishi ndani yake katika vita vile, maana asiyejua hayo hawezi kufahamu ushujaa wao ulikuwa wa namna gani.

Sabmarini aliyopewa Wanklyn mwaka 1940 iliitwa Upholder. Ilijengwa katika mji wa Barrow-in-Furness, nayo ilikuwa ndogo. Urefu wake ulikuwa kama futi 190, yaani kama mabehewa matatu ya abiria yaliyofungwa pamoja, na upana wake futi 16 tu. Ndani ya bomba hilo la chuma walikaa watu zaidi ya 30, pamoja na injini za dizeli, betri kubwa, chakula chao, na topedo. Topedo ni kombora liendalo chini ya maji kwa nguvu ya mashine yake lenyewe. Kila moja ilikuwa na unene wa inchi 21 na uzito wa tani moja na nusu hivi. Mabaharia walilala kando ya vitu hivyo kama watu wanavyolala ghalani kando ya magunia.

Injini za dizeli haziwezi kufanya kazi bila hewa. Kwa hiyo mchana, sabmarini ilipokuwa chini, iliendeshwa kwa nguvu ya umeme wa betri, tena polepole. Usiku ilipanda juu ili injini ziwashwe na betri zijazwe tena. Basi watu wale waligeuza usiku kuwa mchana. Chakula kikubwa kililiwa usiku. Mchana wasiokuwa na zamu walilala, wapate kutumia hewa kidogo, maana hewa ilikuwa ile ile iliyofungiwa humo tangu alfajiri. Ilipofika jioni ilikuwa nzito, kichwa kikauma, na kiberiti hakikuwaka vizuri. Maji ya kuoga hayakuwako. Nguo zililowa kwa unyevu uliotiririka katika kuta za chuma, na harufu ya dizeli ikaingia hata katika mkate. Safari moja ya namna hiyo iliweza kuchukua wiki mbili.

Nahodha peke yake ndiye aliyeona nje, kwa darubini ndefu iitwayo periskopu, ambayo ncha yake hutokeza juu ya maji kidogo tu. Wengine wote walikuwa kama vipofu, wakimtegemea yeye. Alipokosea, walikosea wote. Ndiyo sababu katika sabmarini afisa na baharia walikaa karibu kuliko katika manowari nyingine. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia wala pa kujificha, na kifo, kikija, hakikuchagua cheo.

KUTELEZA SI KUANGUKA

Katika mwaka 1941 majeshi ya Wataliani na Wajerumani yalikuwa yakipigana na Waingereza katika Afrika ya Kaskazini. Kila askari wao, kila debe la petroli na kila gunia la unga lilipaswa kuvuka bahari kutoka Italia mpaka Tripoli na Benghazi. Katikati ya njia hiyo kipo kisiwa cha Malta, kama maili 60 kusini ya Sicily, nacho kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Ndege za adui zilikipiga mabomu mchana na usiku. Kutoka bandari ya kisiwa hicho, penye majengo ya kale ambayo zamani wasafiri walitengwa kwa hofu ya tauni, sabmarini ndogo chache zilitoka kwenda kuvizia misafara ya meli za adui. Upholder ilikuwa mojawapo.

Watu hupenda kusimulia habari za shujaa kana kwamba alizaliwa akiwa shujaa. Habari za Wanklyn si hivyo. Baada ya mwanzo mzuri katika mwezi wa Januari 1941, safari zilizofuata zilikuwa za bure. Alizikuta meli, akapiga topedo, zikakosa. Topedo ilikuwa kitu cha thamani kubwa Malta, maana kila moja ililetwa kwa hatari. Mkuu wa kikosi, Bwana Simpson, alianza kujiuliza kama yafaa nahodha huyu aendelee, au apewe mwingine chombo chake. Mwalimu yeyote aujua wakati kama huo, anapomtazama mwanafunzi ambaye ana akili lakini matokeo hayaonekani, asijue kama amwondoe au amngojee.

Simpson alingoja. Wanklyn naye hakutafuta mtu wa kumlaumu. Alijifunza makosa yake mwenyewe, umbali, mwendo wa meli, na pembe ya kupigia. Tarehe 25 Aprili 1941 aliizamisha meli ya Kitaliani iitwayo Antonietta Lauro, na tarehe 1 Mei akazipiga meli mbili za Kijerumani katika msafara mmoja. Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Wanafunzi na waliweke neno hili moyoni, kwamba mtu ambaye leo ametajwa katika vitabu vya vita, katika mwezi wa Machi 1941 alikuwa karibu kunyang'anywa kazi yake kwa kukosa shabaha.

JIONI YA TAREHE 24 MEI

Jioni ya tarehe 24 Mei 1941 Upholder ilikuwa karibu na pwani ya Sicily. Chombo chake cha kusikilizia kilikuwa kimeharibika, na bila chombo hicho sabmarini iliyo chini haiwezi kujua manowari za adui ziko upande gani. Topedo zilizosalia zilikuwa mbili tu. Jua lilikuwa linakuchwa. Kwa mwanga ule hafifu periskopu haikuonyesha vizuri, lakini kupanda juu ya maji kungewaonyesha mara moja. Nahodha mwingine angaliweza kurudi zake, wala hakuna mtu ambaye angalimlaumu.

Ndipo Wanklyn alipouona msafara wa meli kubwa zilizobeba askari, zikielekea kusini, zikilindwa na manowari nyingi. Akakaribia. Manowari moja ilikuja karibu kuigonga sabmarini bila kujua kuwa ipo, akaiepa, kisha akapiga topedo zake mbili. Zote zikapata. Meli iliyopigwa ilikuwa Conte Rosso, ya tani karibu 18,000, ikazama.

Hapo manowari za adui zikaanza kutupa baharini mapipa ya baruti yanayopasuka chini ya maji. Katika muda wa dakika 20 yalihesabiwa 37. Kila lilipopasuka sabmarini ilitikisika, taa zikazimika, vitu vikaanguka. Kwa kuwa chombo cha kusikilizia hakikufanya kazi, Wanklyn hakuweza kujua lijalo litatoka wapi. Alisimama katikati ya watu wake akitoa amri kwa sauti ile ile ya kila siku, akaigeuza sabmarini huku na huku, mpaka kelele zikaisha. Akawarudisha wote Malta salama. Kwa tendo hilo alipewa nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote za ushujaa wa vita katika Uingereza. Ilitangazwa mwezi wa Desemba 1941.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alizizamisha meli mbili kubwa katika shambulio moja, Neptunia na Oceania, karibu na Tripoli. Baadaye alizamisha sabmarini mbili za Kitaliani. Huhesabiwa kuwa ndiye nahodha wa sabmarini wa Kiingereza aliyezamisha tani nyingi za meli za adui kuliko wenziwe wote katika vita vile.

SAFARI YA 25

Tarehe 6 Aprili 1942 Upholder iliondoka Malta kwa safari yake ya 25 ya vita. Kila mtu alijua kuwa baada ya safari hiyo ingerudi Uingereza, watu wake wapumzike na kuwaona jamaa zao. Kwanza iliwapeleka majasusi kwenye pwani ya Tunisia, nao wakashushwa usiku kwa mtumbwi. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Kapteni Wilson, afisa wa jeshi la nchi kavu. Kazi ilipokwisha, Upholder ilikutana baharini na sabmarini nyingine iitwayo Unbeaten, iliyokuwa njiani kurudi nyumbani. Wilson akaagana na Wanklyn, akavuka kwa mtumbwi wake katika giza, akapanda ile ya pili. Alikuwa mtu wa mwisho aliyewaona wale walio ndani ya Upholder wakiwa hai.

Tarehe 14 Aprili sabmarini mbili nyingine za Kiingereza zilisikia kutoka mbali mvumo wa mabomu yakipasuka chini ya maji kwa muda mrefu. Upholder iliitwa kwa redio, isijibu. Wako wasemao ya kuwa ilizamishwa na manowari ya Kitaliani iitwayo Pegaso; wako wasemao kuwa iligonga bomu lililotegwa baharini karibu na Tripoli. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi. Lililo hakika ni kwamba hakuna hata mmoja aliyerudi. Wanklyn alikuwa na umri wa miaka 30.

Siku iliyofuata, tarehe 15 Aprili, Mfalme George wa Sita aliwapa watu wote wa Malta nishani ya George Cross kwa uvumilivu wao. Wakati kisiwa kilipokuwa kikipata heshima hiyo, bandarini watu walikuwa wakitazama mlango wa bahari, wakiihesabu siku ambayo Upholder ilipaswa kurudi, na siku ya pili yake, na ya tatu. Huo ndio msiba wa sabmarini. Haina mjumbe anayeleta habari. Huchelewa tu, na kuchelewa kwenyewe ndiyo habari. Aliyekuwa msaidizi wake Wanklyn katika ile jioni ya Mei, Luteni Crawford, alikuwa amekwisha kuhamishwa, naye akaishi miaka mingi baadaye, akiwasimulia watu habari za wenzake waliotangulia.

Wakuu wa Jeshi la Wanamaji walitangaza habari hiyo hadharani mwezi wa Agosti 1942. Si desturi yao kukitaja chombo kimoja zaidi ya vingine, lakini safari hii walifanya hivyo, wakasema kuwa chombo na watu wake wamekwenda, ila mfano wao umebaki. Jina la Wanklyn limeandikwa katika ukumbusho wa wanamaji ulioko Portsmouth, unaoelekea baharini, pamoja na maelfu ya wengine ambao kaburi lao ni maji.

UPANDE WA PILI WA HABARI

Kama mazungumzo yangekomea hapa, jina lingekuwa limejazwa nusu tu. Mzee mwenye busara angeweza kuuliza, "Na wale waliokuwamo ndani ya meli iliyozamishwa, walikuwa akina nani?"

Katika Conte Rosso walikuwamo watu zaidi ya 2,700, na karibu 1,300 walikufa. Walikuwa askari, na vita ni vita. Kama wangefika Tripoli wangepigana. Lakini kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa zamani wa shule fulani, katika kijiji fulani cha Italia, na mama yake alingoja barua isiyokuja. Wao pia hawana kaburi.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawana haja ya kwenda Italia kutafuta maana ya jambo hili. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikienda Ceylon katika msafara wa meli za askari. Miongoni mwa abiria wake walikuwamo karibu watu 1,000 wa kikosi cha 301 cha askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, waliokuwa wakienda kuongeza nguvu za vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, baada ya adhuhuri, karibu na visiwa vya Maldives, sabmarini ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo. Askari wengi walikuwa chini ndani ya meli. Kabla ya dakika tatu kupita, meli ilikuwa imezama. Waliokufa walikuwa karibu 1,300. Waliookolewa hawakuzidi 220.

Na msiba haukuishia hapo. Sabmarini ile ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea waliosalimika. Manowari za Kiingereza zililazimika kuchagua, ama kuwaokoa watu walio majini na kuiacha sabmarini izamishe meli nyingine zenye maelfu ya watu, ama kutupa mabomu mahali walipo wenzao. Manowari iitwayo Petard ikatupa mabomu. Baada ya mapigano marefu I-27 nayo ikazamishwa, ikapotea na watu wake karibu wote. Walikuwa Wajapani, nao walikuwa na mama zao.

Yule Mjapani aliyetazama kwa periskopu mchana ule aliona kile alichoona Wanklyn jioni ile karibu na Sicily, meli kubwa, imejaa askari wa adui, ikienda vitani. Kazi ilikuwa moja. Aliyeifanya huku aliitwa shujaa, na aliyeifanya kule alililiwa na watu wake vivyo hivyo. Kulisema neno hili si kumvunjia heshima Wanklyn. Ujasiri wake ulikuwa wa kweli, na watu wake walimpenda kwa haki. Tena hakuna mtu aliyeujua uzito wa kazi ile kuliko wenyewe waliokaa ndani ya chuma, wakisikia kwa masikio yao meli ikivunjika. Katika vita vile Waingereza walipoteza sabmarini zaidi ya 70 na watu wake zaidi ya 3,000. Kwa upande wa Wajerumani, katika watu 40,000 hivi waliokwenda baharini kwa sabmarini, zaidi ya 28,000 hawakurudi. Aliyewapeleka wengine kilindini mara nyingi aliwafuata huko huko.

KUMBUKUMBU YA KWELI

Basi mtu asiye na kaburi akumbukwe namna gani?

Kwanza, akumbukwe kama mtu, asifanywe sanamu. Wanafunzi wa Parkfield wa siku zile hawakumjua mwenye Victoria Cross. Walimjua mvulana mpole aliyependa kuvua samaki. Habari ya kushindwa kwake katika mwaka 1941 isifichwe, kwa kuwa ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa leo kuliko habari ya nishani. Nishani huwapata wachache, lakini kushindwa humpata kila mtu.

Pili, akumbukwe pamoja na wale waliokufa kwa mkono wake. Kumbukumbu inayohesabu wafu wa upande mmoja tu huwa kama mzani uliolemaa. Muuzaji hufurahi, lakini haki haipo. Shule inayowafundisha watoto kuwalilia watu wake, na kutambua kuwa wengine nao wanalia, imewafundisha jambo ambalo lingeweza siku moja kuzuia vita vingine.

Tatu, majina yatunzwe kwa kazi ya mikono, si kwa maneno matupu. Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyoko barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki. Hapo yameandikwa majina ya askari wasio na kaburi, na wale wa Khedive Ismail wamo. Yako majumba katika nchi hii ambamo husemwa tu kwamba babu fulani alikwenda vitani na hakurudi. Mjukuu aende akalitafute jina lake. Aliweke kidole juu ya herufi zake, kama vile mtu anavyoweka mkono juu ya udongo wa kaburi. Na walio na barua ya zamani, picha au nishani iliyofungwa katika kitambaa sandukuni, waitoe, waifute mavumbi, waandike katika karatasi ni ya nani, kabla ya yule ajuaye hajaondoka.

Wanafunzi, wahenga walisema, bahari haishi zingo. Safari ya maisha nayo ni hivyo. Hakuna ajuaye kona iliyo mbele yake. Wanklyn aliondoka Malta akitazamia kurudi nyumbani kwa mkewe na mtoto wake. Askari wa mizinga waliondoka Kilindini wakipungia mkono pwani yenye minazi, wakitazamia kuiona tena. Hawakupewa. Waliobaki wamepewa kazi iliyo nyepesi kuliko ile yao, nayo ni kuyajua majina yao, na kuyasema kwa ukweli.

Sasa watu wote wasimame, wanyamaze kwa dakika mbili. Na katika kimya hicho kila mmoja amtaje moyoni mwake mtu mmoja asiye na kaburi.